Pingu Kwenye Posa: Mzee Ambaye Hakumaliza Kujibu

Kalamu haikufika kwenye karatasi.

Kama ulikosa gazeti la wiki iliyopita, kalamu hiyo ni ya Inspekta Mukandekezi, mwenyekiti wa kamati ya nidhamu hapa Kamembe. Karatasi ni barua ya kumfukuza kazi Koplo Kamikazi, askari wa miaka ishirini na minne, aliyemfunga pingu mzee wa watu katikati ya sherehe ya posa huko Gitambi. Inspekta alikuwa ameshaandika herufi ya kwanza ya jina lake hewani, kama kawaida yake kabla ya kutia sahihi, ndipo mlango ukafunguliwa kwa kishindo na sauti ikasema, "Msiandike kitu."

Aliyesimama mlangoni alikuwa mzee yule yule wa pingu.

Mzee Rutayisire alikuwa amevaa koti lake la sherehe. Viatu vilikuwa na udongo mwekundu wa kijijini kwake Nkungu mpaka kwenye kamba. Kamikazi alipomwona alijua habari yake imekwisha. Mama yake, Maman Dative, alikuwa amempigia pasi sare asubuhi ile polepole sana, kama mtu anayepiga pasi nguo ya marehemu.

"Mzee, hiki ni kikao cha ndani," Inspekta alisema. "Malalamiko yako tunayo."

"Malalamiko gani?"

"Kwamba afande huyu alikufunga pingu mbele ya watu mia tatu."

"Aa, hiyo." Mzee alipunga mkono kama anayefukuza inzi. "Hiyo nilimsamehe tangu Jumatatu. Mi nimekuya kwa jambo kubwa."

Pembeni ya meza Sajini Bimenyimana, mwandishi wa kamati, aliandika: jambo kubwa. Alikuwa amefanya upelelezi miaka kumi na tisa, na aliandika kila kitu, hata mtu akikohoa.

"Jambo gani kubwa kuliko pingu?" Inspekta aliuliza.

Mzee alifunga vifungo vya koti.

"Nilikuwa sijajibu," alisema.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa ajili ya msomaji wa mbali. Kwetu, familia ya kijana ikienda kumwomba binti, haipewi hivi hivi. Kila upande una msemaji wake. Msemaji wa nyumba ya binti anawashtaki wageni kwa makosa ya kubuni: mmekanyaga mihogo yetu, mmefika na njaa ya kutisha, babu yenu aliazima jembe akalirudisha bila mpini. Msemaji wa wageni anajibu, anajitetea, anaomba msamaha, mpaka hema zima linacheka. Shtaka likiwa zito, sherehe inakuwa tamu. Kila mtu anajua ni mchezo.

Kila mtu isipokuwa Kamikazi.

Yeye alikulia Kisangani. Huko alikokulia, nyumba ya binti inaandika orodha kwenye karatasi: mbuzi, suti ya baba, gunia la chumvi. Wageni wanaisoma, wanakuna kichwa, wanaenda sokoni. Hakuna anayemshtaki mtu. Aliporudi na mama yake wakapanga chumba Gihundwe, aliingia moja kwa moja chuo cha polisi, kisha kazini. Hakuwahi kuhudhuria posa hata moja ya nyumbani. Jumamosi ile alikuwa amepangiwa kulinda barabara karibu na hema, akasikia kwa kipaza sauti mzee mwenye heshima akitangaza kwamba wageni hawa mwaka jana waliiba ndama. Alitazama huku na huku. Watu mia tatu, na hakuna hata mmoja aliyenyanyuka kumsaidia yule mzee aliyeibiwa.

Basi akaingia yeye. Akamfunga Mzee Rutayisire, msemaji wa wageni; tena alimsomea haki zake kwa kipaza sauti hicho hicho.

"Nimesema kwenye posa arobaini na moja," mzee aliendelea, sasa akiwa katikati ya chumba. "Sijashindwa hata mara moja. Jibu la ndama nililitayarisha miezi mbili. Ng'ombe wangu banalijua lote. Afande huyu alinifunga kabla sijafungua kinywa. Sasa sokoni banasema nini? Banasema Rutayisire alishtakiwa wizi, akakosa la kusema. Mi, kukosa la kusema. Baniita Papa Menotte, Baba Pingu."

"Na kweli alikosa la kusema," sauti nyingine ilitoka nyuma yake.

Aliingia Mzee Nshimiyimana wa Gitambi, mnene, mfupi, mwenye kofia ya majani. Huyu ndiye msemaji wa nyumba ya binti, ndiye aliyetoa lile shtaka. Wazee hawa wawili walikuwa hawasalimiani tangu siku ile, lakini pumzi zao zilikwenda pamoja, na helmeti mbili za moto, pikipiki za abiria, ziliwaacha wote na alama moja kwenye paji.

Sajini aliinua kichwa. "Mmekuja wawili kwenye moto moja?"

"Kila mutu na yake," walijibu pamoja, haraka sana.

Inspekta Mukandekezi aliweka kalamu chini. Alikuwa mwanamke wa haki, mwenye miwani mbili, moja ya kusoma na moja ya kumtazama mtu mpaka aseme kweli. Alivaa hiyo ya pili.

"Wazee wangu, nawaheshimu. Lakini kamati ina swali moja tu. Je, askari mwenye akili zake angeweza kuamini shtaka lile? Koplo anasema aliamini. Mimi nasema hakuna askari wa kuamini kitu kama hicho. Kwa hiyo aidha ni mzembe, aidha alitaka kuwadhalilisha. Ndiyo sababu barua iko hapa."

"Mi niliamini, afande," Kamikazi alisema kwa sauti ndogo. "Alikuwa anasema kama muntu mwenye uchungu."

Mzee Nshimiyimana alijaribu kutotabasamu. Hakufaulu. "Kweli? Kama muntu mwenye uchungu?"

"Karibu nilie, Papa."

"Mnasikia?" Nshimiyimana aliwageukia wote. "Miaka ishirini nashtaki ndama, na huyu njo wa kwanza kuona kazi yangu."

"Basi mtusikilize," alisema Mzee Rutayisire. "Tuseme hapa, yeye shtaka lake, mi jibu langu, vile ingekuwa. Halafu mtahukumu kama muntu anaweza kuamini ao hapana."

Inspekta alitazama saa. Alitazama barua. Kisha alimtazama Kamikazi, ambaye alikuwa amekaa wima na mikono juu ya magoti kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Dakika kumi," alisema.

Meza ilisogezwa ukutani. Jagi la maji likawa pombe ya mtama. Mzee Nshimiyimana aliomba kipaza sauti, akaambiwa hakuna, akachukua stepla ya Sajini na kuishika karibu na mdomo. Pingu zenyewe zilibaki mezani, ndani ya mfuko wa plastiki, zimeandikwa: kielelezo namba moja.

Nshimiyimana alikohoa. Sajini aliandika: amekohoa.

"Wageni wetu," alianza, na sauti yake ikashuka chini mpaka ikakaa tumboni. "Karibuni. Kaeni. Kunyweni. Lakini kabla hamjaniambia mnatafuta nini, mi nina kilio. Mwaka jana, wakati wa mavuno, bantu walipita hapa. Tuliwapokea. Tuliwapa maziwa. Asubuhi wakaenda, na ndama wetu hakuonekana. Ndama wa kike. Mwenye doa jeupe kwenye paji, kama tone la maziwa lililosahau kudondoka. Bibi yangu alimtafuta siku tatu. Alimwita kwa jina. Na leo, naangalia hizi sura, nasema: hizi sura nazijua."

Inspekta Mukandekezi alikuwa amevua miwani.

"Jina lake nani?" aliuliza.

"Nani, afande?"

"Ndama."

"Aa. Gaju."

"Endelea."

Mzee Rutayisire alisimama. Alivuta koti. Miezi miwili ya maandalizi na siku tisa za aibu zilipanda pamoja kifuani mwake, na alipofungua mdomo alikuwa mtu mwingine kabisa, mrefu kuliko aliyeingia.

"Mzee wangu, bibi yako asilie tena. Nitasema kweli. Gaju, tuko naye."

Sajini Bimenyimana aliacha kuandika.

"Tuko naye Nkungu," mzee aliendelea, akitembea. "Sikatai. Tulitoka hapa asubuhi, tukiwa njiani tukasikia hatua nyuma yetu. Ni yeye. Tukamwambia rudi kwenu. Akatuangalia. Tukamrudisha mpaka kwenye daraja, akakataa kuvuka. Alisema kule kwa Nshimiyimana maziwa anakunywa mwenye nyumba peke yake."

"Uongo," Nshimiyimana alisema kwa furaha kubwa. "Unakubali uko naye?"

"Nakubali."

"Mbele ya bantu wote?"

"Mbele ya bantu wote. Nilimchukua kwa mikono hii. Nilimfunga kwenye zizi langu, nikamla..."

Krak.

Mzee alitazama mikono yake. Ilikuwa imefungwa pingu. Aliyezifunga alikuwa Sajini Bimenyimana, amesimama mbele yake huku anahema, na mfuko wa plastiki umechanika chini.

Inspekta aliuokota ule mfuko, akautazama.

"Sajini," Inspekta alisema.

"Ndiyo, afande."

"Umefanya nini?"

"Amekiri, afande."

"Amekiri nini?"

"Ndama." Sajini alirudi kwenye daftari lake, akaweka kidole kwenye mstari. "Wa kike. Mwenye doa kwenye paji. Amesema alimchukua kwa mikono yake, akamla."

"Nikamlaza kwenye majani makavu," alisema Mzee Rutayisire kwa sauti ya kuvunjika moyo. "Sentensi ilikuwa haijaisha."

"Sajini, wewe mwenyeji wa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Hapa hapa Rusizi, afande. Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa."

"Umeoa?"

"Ndiyo."

"Kwa posa?"

"Posa mbili, afande. Ya kwanza tulikataliwa."

"Na hukujua kwamba huu ni mchezo?"

Sajini aliitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine. "Nilijua, afande. Nilijua mpaka pale kwa bibi aliyemtafuta siku tatu. Halafu akakiri. Miaka kumi na tisa niko nahoji bantu, hakuna hata mmoja amekiri vizuri namna ile. Mikono ikaenda yenyewe."

Mzee Rutayisire alikuwa amekaa chini. Machozi yalimtoka. Hayakuwa ya hasira.

"Mara ya pili," alisema. "Nilikuwa nimebakiza maneno kidogo tu."

Kamikazi alikuwa ameagizwa asiongee bila kuulizwa na asinyanyuke bila kuitwa. Alinyanyuka. Alichukua ufunguo mezani, akapiga goti mbele ya mzee na kumfungua, mkono wa kushoto kwanza, kisha wa kulia. Akamsugua mahali palipobanwa.

"Malizia, Papa," alimwambia. "Mi nitasimama hapa. Hakuna muntu atakugusa."

Na kweli alisimama, mgongo kwa mzee, uso kwa Sajini.

Mzee alifuta macho. Alianza polepole, bila kutembea safari hii.

"Nikamlaza kwenye majani makavu. Na mwezi uliopita Gaju amezaa. Tuna malisho, mzee wangu, tuna maji, tuna kijana wa kukamua. Lakini ndama wa Gaju hana jina, sababu kwetu hakuna aliyelelewa vizuri kiasi cha kumpa jina. Tukaulizana, nani atampa? Tukakumbuka nyumba moja, ambako hata ndama anayepotea anatafutwa siku tatu. Tumekuja kuomba muntu wa nyumba hiyo."

Nshimiyimana aliinua stepla mdomoni. Akaishusha. Akaiinua tena.

"Sina la kusema," alisema hatimaye.

Sajini aliandika hilo, kisha akapuliza pua. Inspekta Mukandekezi alijifanya anatafuta kitu kwenye droo, na alikitafuta kwa muda mrefu.

Alipoinua kichwa alikuwa mwenyekiti tena.

"Kamati imepata jibu la swali lake. Nikimfukuza Koplo Kamikazi, lazima nimfukuze na Sajini, na hapo sitakuwa na mtu wa kuandika barua."

Kamikazi alifumba macho.

"Lakini," Inspekta alisema, na macho yakafumbuka. "Sikumaliza. Familia mbili hazisalimiani. Binti Iriza yuko nyumbani kwao na kijana Christophe-Aimé yuko kwao, posa imekatika katikati kwa mkono wa askari wangu. Mambo hayo yarudishwe yalipokuwa. Mzee Rutayisire, Jumamosi utakwenda tena Gitambi, utasema haya uliyosema hapa."

"Haiwezekani, Maman."

"Kwa nini?"

"Jibu nimelitoa. Nshimiyimana amelisikia, amekosa la kusema, imeandikwa kwenye daftari ya serikali. Mi nimemaliza. Siwezi kumchekesha muntu mara mbili na neno moja."

"Sasa nani atawasemea?"

Mzee alitazama chumba chote. Alimtazama Sajini, akaguna. Kisha akainua mkono na kumwonyesha Kamikazi.

"Huyu. Njo alikata, njo ataunga."

"Mi?" Kamikazi aligeuka. "Papa, mi sijui mizaha. Bantu wakicheka, mi nabaki nauliza wenzangu nini imechekesha. Tena mi ni mwanamke. Nani ameona mwanamke msemaji?"

"Nani alikuwa ameona msemaji wa pingu?" Mzee alisema. "Utajifunza. Tuko na siku ine."

Nshimiyimana alikuwa ameshaanza kusugua mikono. "Kubali, afande. Kubali haraka. Lakini nikuambie kabisa, binti yangu, Jumamosi sitakushtaki ndama."

"Utanishtaki nini?"

"Nikikuambia utakuja na kikosi."

Inspekta Mukandekezi aliikunja barua mara mbili na kuiweka kwenye droo, juu juu, mahali ambapo mkono unafika bila kutafuta.

"Hii inakaa hapa mpaka Jumamosi jioni," alisema. "Ukipewa binti, nitaichana mbele yako. Ukinyimwa, nitatia sahihi. Umeelewa, Koplo?"

"Nimeelewa, afande."

Koplo alitoka nje. Jua la saa sita lilikuwa kali, na moto zilikuwa zinapanda kuelekea Gihundwe moja baada ya nyingine. Kamikazi alipiga hesabu ya siku, akafikiria maneno ya kuchekesha, akapata moja tu, na hata hilo halikuwa na mwisho. Hata hivyo alitabasamu. Siku ine ni siku ine. Angeuliza kila mzee. Angejifunza kila usiku mbele ya mama yake mpaka acheke. Angewaunganisha hao vijana wawili hata kama ni kwa kutambaa.

"Afande."

Getini alikuwa amesimama msichana mwenye gauni la kijani na mkoba wa walimu. Kamikazi alimtambua mara moja. Mara ya mwisho alimwona akiwa amekaa nyuma ya pazia la hema, amevaa mshanana, vazi la sherehe.

Alikuwa Iriza, bibi harusi.

"Usijali, dada," Kamikazi alisema kabla hajaulizwa. "Kila kitu kitatengenezwa. Jumamosi mi mwenyewe nakuja kukuomba."

Uso wa Iriza ulianguka.

"Unasema vizuri?" aliuliza.

"Vibaya sana. Lakini nitajifunza."

"Usijifunze, afande. Nakuomba." Msichana alimshika mkono. "Nimekuja kutoa shtaka. Na hili si la mchezo. Mimi sitaki kuolewa."

Kamikazi alihisi ile barua ikisogea ndani ya droo.

"Kijana anakutesa?"

"Christophe-Aimé? Hapana, ni rafiki yangu. Tunaimba pamoja kwaya tangu zamani. Hata yeye hataki. Yuko pale."

Ng'ambo ya barabara kijana mmoja mrefu, aliyekuwa amejificha nyuma ya mti mwembamba kuliko yeye, alipunga mkono. Kisha akavuka, akitazama pande zote mbili, mara mbili, kwa heshima ya sare.

"Wamama walituona chini ya mwavuli mmoja," Iriza alieleza.

"Mvua ilikuwa kubwa," alisema Christophe-Aimé.

"Jioni ile ile mashangazi wakaanza kushona nguo. Hakuna aliyetuuliza. Watu mia tatu, afande, wasemaji wawili, vipaza sauti vinne, na hakuna mtu mmoja aliyetuuliza."

"Na nyinyi hamkusema?"

"Tukianza kusema, wanafikiri ni haya ya maharusi. Wanazidi kufurahi." Iriza alishusha sauti. "Siku ile ulipomfunga Papa Rutayisire, nilipiga makofi nyuma ya pazia. Shangazi aliniombea."

Kamikazi alisimama katikati yao. Chuoni alijifunza, na akaamini kwa moyo wote, kwamba askari hawezi kumwacha mtu aolewe asipotaka. Alijua pia yaliyomo kwenye droo. Akisema vizuri Jumamosi, hawa wawili wataingia maisha ambayo hawakuyaomba. Akisema vibaya, sare yake inarudi stoo, na Maman Dative atakuwa na kazi ya kukunja badala ya kupiga pasi.

"Mnataka nifanye nini?" aliuliza.

Vijana walitazamana. Ilionekana walikuwa wamelijadili. Christophe-Aimé alivuta mikono ya shati, akanyoosha viganja vyote viwili mbele, pamoja. Iriza akaweka mkoba chini na kunyoosha vyake karibu na vya mwenzake.

"Tufunge, afande," alisema kijana. "Kosa lolote. Mpaka Jumapili asubuhi tu."

Juu yao dirisha lilifunguliwa. Inspekta Mukandekezi alijitokeza mpaka mabegani. Alitazama mikono minne iliyonyooshwa. Alitazama sare. Akavaa miwani ile ya pili.

"Koplo Kamikazi," aliita. "Hao watu wamefanya nini?"

Kamikazi, ambaye hajawahi kudanganya hata mama yake, alifungua mdomo.